Akiba ya Maziko: Mfano wa Wayahudi wa Nairobi
(Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Garissa)



Limeletwa mbele yenu shauri kwamba akiba ya maziko ifungwe, na fedha zake zitumike kujenga jumba la Chama. Kabla ya kura kupigwa, twaomba ruhusa tueleze habari za watu waliokuwa wageni, kama sisi tulioletwa kando ya Mto Tana na kazi za ofisi, shule na biashara.

Mwaka 1903 Serikali ya Uingereza, kwa kinywa cha Bwana Joseph Chamberlain, ilikusudia kuwapa Wayahudi waliokuwa wakiteswa Urusi ardhi ya Uasin Gishu. Wenyeji wa ardhi hiyo hawakuulizwa. Wayahudi wenyewe waliikataa katika mkutano wao wa Basel mwaka 1905. Hata hivyo wachache walikuja kwa nauli yao wenyewe. Mmoja wao ni Bwana Abraham Block, mzaliwa wa Lithuania, aliyefika mwaka 1903 kutoka Afrika ya Kusini.

Wachache hao walikuwa na haja mbili. Ya kwanza ni sala. Kwa desturi yao ya kale, sala kamili ya jamaa haisaliwi mpaka watimie wanaume kumi. Tisa hawatoshi, hata wawe matajiri. Ya pili ni maziko. Maiti huoshwa na watu wa chama maalumu wasiopokea malipo, kisha huvikwa sanda nyeupe isiyo na mapambo, tajiri na maskini sawasawa, na kuzikwa upesi. Majirani zetu Waislamu hawatastaajabu kusikia hayo.

Jiwe la msingi la sinagogi ya Nairobi liliwekwa mwaka 1912. Jengo lililopo sasa, karibu na Chuo Kikuu, lilikamilika mwaka 1955. Katika miaka ya 1930, waliowakimbia Wanazi walikuta huko jamaa wa kuwapokea.

Kadhalika, huko New York Wayahudi waliotoka mji mmoja wa Urusi au Poland walifanya chama chao, mara nyingi chenye jina la mji ule. Kila mmoja alitoa ada ndogo. Kwa ada hiyo mgonjwa alipata daktari, mjane alipata msaada, na kila mwanachama alikuwa na hakika ya kaburi. Wanazi walipowaangamiza ndugu zao waliobaki katika miji ile, vyama hivyo vilitoa vitabu vyenye majina ya waliokufa. Daftari likadumu kuliko mji.

Sasa tujitazame wenyewe. Mwaka uliopita tulimsafirisha mwenzetu mpaka kwao magharibi. Akiba haikutosha, kwa kuwa wengi wetu tulikuwa nyuma kwa ada. Bakuli likapitishwa sokoni huku mjane akitazama. Aibu ile ni yetu sote.

Hatusemi kwamba jumba si kitu. Twasema lichangiwe kwa daftari lake, na akiba ya maziko isiguswe. Haba na haba hujaza kibaba. Na anayeacha kulipa asidhani kuwa yeye ni mmoja tu. Huenda ndiye yule wa kumi.