Wimbo Uliotangulia Ulimwengu



Vijana wa mandir hii wametuuliza swali: je, hadithi ya kuumbwa kwa ulimwengu aliyoitunga Mwingereza J. R. R. Tolkien ilitoka katika Veda zetu? Waliuliza kwa fahari, nasi fahari hiyo twaielewa. Lakini swali lastahili jibu la haki.

Hadithi yenyewe imo katika kitabu The Silmarillion, kilichochapishwa mwaka 1977, miaka minne baada ya mtunzi kufariki. Kabla ya vitu vyote alikuwako Mmoja, Eru Ilúvatar. Kutokana na fikra zake waliumbwa Ainur, akawapa muziki wauimbe mbele yake. Melkor, aliyewapita wenzake kwa vipawa, akachomeka humo sauti ya kiburi chake, na wimbo ukavurugika. Ilúvatar akaleta wimbo wa pili, kisha wa tatu. Mwisho akawaonyesha kwa maono kile walichokiimba, akatamka neno, na ulimwengu ukawa.

Tolkien alikuwa Mkatoliki, na profesa wa lugha katika chuo cha Oxford. Mungu mmoja aumbaye kwa neno amo katika kitabu cha Mwanzo. Na Ayubu chataja nyota za asubuhi zilizoimba pamoja. Plato, katika Timaios, aliandika kwamba nafsi ya ulimwengu ilipangwa kwa vipimo vya muziki, na miungu wadogo wakaachiwa sehemu ya kazi ya kuumba. Boethius, katika karne ya 6, aliirithisha Ulaya elimu ya muziki wa mbingu. Tena Tolkien aliipenda mno Kalevala ya Wafini, iliyochapishwa na Elias Lönnrot mwaka 1835, ambamo mzee Väinämöinen hutenda makuu kwa kuimba tu.

Visima hivyo vyatosha kuijaza hadithi yake pasipo kuchota kwetu. Kila Diwali twafungua daftari jipya mbele ya Lakshmi; haifai kuandika humo mali ya jirani, hata ikiwa yafanana na yetu.

Na kufanana kupo. Sisi nasi twafundishwa kwamba sauti ya Om ndiyo asili ya vyote. Lakini panapotufurahisha zaidi ni pale Ilúvatar anapomwonyesha Ulmo, bwana wa maji, kwamba baridi kali ya Melkor haikuyaangamiza maji, bali imezaa theluji nzuri. Na joto lake limezaa mawingu. Msikiaji wa Kihindu hukumbuka mara moja Samudra Manthan. Miungu na asura waliposukasuka bahari wakitafuta amrita, ilitoka kwanza sumu ya halahala. Shiva akainywa, ikabaki kooni mwake, na koo likawa la buluu. Katika hadithi ya Tolkien, uovu wageuzwa kuwa pambo. Katika yetu, yupo aliyeubeba mwilini. Sisi twaiona hii ya pili kuwa nzito zaidi, ingawa wajukuu wetu hawakubali.

Tofauti ni kubwa pia. Ilúvatar hutuma moto wake ukae katika moyo wa ulimwengu, lakini mwenyewe hubaki nje. Taittiriya Upanishad yasema kwamba Yeye alitamani awe wengi, akaumba, kisha akaingia ndani ya alichokiumba. Basi kwetu mwimbaji na wimbo havitengani.

Tena Tolkien anajua yaliyotokea mwanzoni, naye ayasimulia bila shaka. Mshairi wa Nasadiya, katika Rigveda, alikwenda njia nyingine: aliuliza ulimwengu ulitoka wapi, akasema miungu wenyewe walikuja baadaye, akamaliza kwa kuuliza kama hata mwangalizi aliye juu kabisa anajua, au pengine hajui. Beti zake ni saba tu. Jioni hii, baada ya aarti, tutawasomea vijana beti zote saba kwa Kisanskriti, kisha kwa Kigujarati na Kiswahili, nao watuulize watakalo.