Makabidhiano Kabla ya Safari

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa jamaa, Jeddah)

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu, kina mama, ndugu zangu mliosafiri karibu kilomita 950 kutoka Riyadh na ninyi mliotoka mbali zaidi, pamoja na watoto na wajukuu zetu,

Sina budi kwanza kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tena, na kuwaombea rehema wale ambao majina yao yalikuwamo katika orodha ya mkutano uliopita na leo hayamo. Nimeombwa niseme machache juu ya msiba na safari, kwa kuwa mwaka huu nyumba kadhaa za jamaa yetu zinafunga mizigo na kuondoka moja kwa moja.

Sababu mnazijua. Julai 2017 iliwekwa ada kwa kila mtu anayemtegemea mfanyakazi mgeni: riyali 100 kwa mwezi, ikapanda kila mwaka hadi kufika riyali 400 mwaka 2020. Kwa kiwango hicho, mwenye mke na watoto wanne hutakiwa riyali 2,000 kila mwezi kabla hajanunua mkate. Kisha, tangu mwishoni mwa 2021 na katika mwaka 2022, mitaa mingi ya zamani ya Jeddah ilibomolewa, na baadhi ya nyumba mlimozaliwa zilikwenda na mitaa hiyo.

Kabla ya kuhamia huku nilikuwa mtumishi wa serikali Mombasa. Tulikuwa na kanuni moja: mtumishi akihamishwa, haondoki kituoni mpaka afanye makabidhiano. Huhesabu kilichopo, huandika kilichopotea, hutia saini, na anayempokea naye hutia saini. Kilichopotea hakirudi kwa kuandikwa, lakini baada ya hapo hakuna anayeendelea kukitafuta.

Marehemu baba yetu alifariki wakati tiketi yangu ya kuja huku iko tayari. Mama akakaa eda, miezi minne na siku kumi, nami nikaahirisha safari mpaka eda ikaisha. Katika muda huo tulisoma hitima, tukalipa madeni ya marehemu, tukagawa mirathi, nami nikapita kwa majirani kutaka radhi. Nilipopanda ndege nilikuwa na huzuni, lakini moyo ulikuwa umekwisha kukubali. Namjua mwenzetu mwingine aliyelazimika kuondoka juma lile lile la mazishi. Miaka mingi baadaye alikuwa bado husema, "Nikirudi nitamwambia baba."

Ndugu zangu, neno langu kubwa latuhusu sisi wazazi. Tunawaambia watoto wetu, "Tunarudi kwetu." Kwetu sisi, naam. Lakini kijana wa miaka 17 aliyezaliwa Riyadh au Jeddah harudi Mombasa, yeye anahama. Kuzaliwa hapa hakukumpa uraia, lakini shule yake, rafiki zake na njia ya msikitini anayoijua gizani vyote viko hapa. Akilia, tunamwambia ashukuru. Hivyo tunamnyima msiba wake. Mtume wetu (s.a.w.) alipotoka Makka mwaka 622, imepokewa kwamba aliuelekea mji ule akautajia mapenzi yake. Basi kuusikitikia mji si utovu wa shukrani.

Kwa hiyo naomba kila nyumba inayoondoka ifanye mambo manne.

Kwanza, tuwakumbuke waliolala hapa. Shangazi yetu amezikwa katika Makaburi ya Mama Hawa, na makaburi ya nchi hii kwa desturi hayaandikwi majina. Andikeni katika daftari la jamaa nani amezikwa wapi na lini. Wasioweza kufika kaburini wasome dua nyumbani.

Pili, lipeni madeni na takaneni radhi na majirani, nanyi mkiwa mngali mnaonana uso kwa uso.

Tatu, wapeni watoto nafasi ya kuuaga mji. Wa Riyadh wapitisheni shuleni kwao na mtaani kwao. Wa Jeddah wapelekeni Al-Balad, wazitazame nyumba za mawe ya matumbawe na roshani zake za mbao. Mji huo mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2014, kama Lamu mwaka 2001. Wakifika Lamu na kuona nyumba za mawe yale yale ya baharini, watajua kwamba bahari iliilea miji yote miwili.

Nne, muulizeni kila mtoto anaacha nini, kisha msikilizeni bila kumsahihisha.

Katibu wetu ameacha kurasa tupu mwishoni mwa kitabu hiki. Ndizo hati zetu za makabidhiano. Mtoto aandike, mzazi atie saini, na mwenyeji atakayewapokea huko mwendako naye atie yake.

Mwenyezi Mungu awafikishe salama. Wabillahi tawfiq.