Kuijua Tabia ya Mwenzako
(Hotuba iliyosomwa na karani mmoja mbele ya wanachama, Madibira)



Nimetakiwa niseme machache juu ya tabia, na jinsi ijulikanavyo. Hapa petu, alimaye mpunga kwa maksai haulizi kama mnyama ana tabia. Ajua huyu ni mpole, yule ni mkaidi, na yule wa tatu havuti jembe ila afungwe na mwenziwe aliyemzoea. Lakini hakuyajua hayo siku ya mnada. Aliyajua baada ya misimu.

Wataalamu walikawia kuyakubali. Marehemu Jane Goodall alifika Gombe, karibu na Kigoma, mwaka 1960, akawapa sokwe majina, akaandika upole wa huyu na ukali wa yule. Alipokwenda kusoma Cambridge aliambiwa kwamba ilimpasa kuwapa nambari, wala asinene habari za tabia, kwani hiyo ni ya wanadamu peke yao. Hakukubali, na leo elimu imemfuata.

Mwaka 2017 zilichapwa habari za tabia za sokwe 128 wa Gombe, waliopimwa kwa sifa 24. Je, mashahidi walikuwa nani? Ni Watanzania wenzetu, wasaidizi wa utafiti, waliowafuata sokwe hao porini miaka mingi. Ushuhuda wao ulilinganishwa, huyu na huyu, ili ijulikane kama wapatana. Kisha ukalinganishwa na ule uliotolewa mwaka 1973 juu ya sokwe 24, ukaonekana kuafikiana nao.

Mabwana, mimi nilipohamishwa zamani, mkubwa aliyenijua majuma matatu tu, nami siku hizo nina homa, aliniandikia barua: "Mvivu." Neno hilo lilinitangulia katika kituo kipya, nikalipa deni lake miaka minne. Hakuulizwa shahidi wa pili.

Basi sokwe wa Gombe walipata haki nisiyoipata mimi: miaka mingi, na mashahidi wengi.

Lakini sikuja kulalamika. Sisi nasi tunao matarishi na makarani vijana chini yetu, na kalamu i mikononi mwetu. Kabla hatujatia sahihi neno juu ya mtu, na tujiulize: Nimemjua muda gani? Nimemwona katika kazi zipi? Ni nani mwingine amjuaye? Tukikosa majibu, heri tuandike kazi aliyoifanya, tuiache tabia yake.