Nani Humwokoa Nani? Mtoto wa Kinshasa na Kuku wa Bibi Tweedy

Mada kwa semina ya walimu na vijana wapenda sinema, Shasha, Masisi, Kivu ya Kaskazini



Mwaka 1999 Jean-Michel Kibushi, Mkongomani mzaliwa wa Lubefu, alitoa filamu fupi ya vikaragosi iitwayo Muana Mboka. Mwaka uliofuata Peter Lord na Nick Park wa studio ya Aardman, Uingereza, wakatoa Chicken Run. Ufundi ni ule ule: unasogeza kikaragosi kidogo, unapiga picha, unasogeza tena, hadi picha 24 zikipita kwa sekunde moja jicho likubali kwamba kinatembea. Nimezikutanisha kwa sababu zote mbili zinafanyia mzaha jambo ambalo sisi wa Masisi hatuna mazoea ya kulicheka: kuokolewa.

Kwa Kibushi, shegue, yaani mtoto wa barabarani, anayeishi kwa ujanja katika barabara za Kinshasa anamwokoa waziri aliyepata ajali ya gari. Tumezoea kuona waziri akitoa na mtoto wa barabarani akipokea. Hapa mwenye deni ni waziri. Analipa, tena kwa fedha nyingi, na fedha hizo ndizo zinazomtia mtoto matatani. Mimi naona humo hoja kali: zawadi ya mkubwa haimwondoi mdogo mahali alipo, inamfanya aonekane tu, na kuonekana kuna hatari yake. Kibushi alikuwa amekwisha kuwasikiliza watoto kabla ya hapo. Baada ya uporaji wa Septemba 1991 mjini Kinshasa alitengeneza Kinshasa, septembre noir kwa michoro yao.

Sasa tuingie bandani, katika Chicken Run. Shamba la mayai la Bibi Tweedy limezungushiwa seng'enge, na mabanda yake yamepangwa makusudi kama kambi za wafungwa katika filamu za vita. Wengi wakiulizwa alama kuu ya filamu hii hutaja seng'enge. Mimi nataja hesabu ya mayai. Kuku Edwina hakuchinjwa kwa kujaribu kutoroka. Alichinjwa kwa sababu hakuwa ametaga. Mwenzake Ginger, anayekamatwa akitoroka mara kwa mara, anafungiwa tu, maana bado anataga. Uhai wa kuku una bei, na bei inaandikwa kila asubuhi.

Watu wa barabara ya Sake–Minova, iliyokatwa na vita Februari 2024, wanajua kuhesabiwa ni nini. Jetoni ya msaada mkononi inaweza kukupatia unga. Lakini filamu inatulazimisha kuuliza anayehesabu anatafuta nini. Bibi Tweedy anapoona mayai hayamlipi, anaagiza mashine ya kutengeneza pai za nyama ya kuku, na ghafla chakula kinaongezwa. Kuku wanashangilia. Ginger ndiye anayetambua kwamba wananenepeshwa. Mfugaji wa Masisi hahitaji sinema kulijua hilo, ila hajawahi kulitazama kwa macho ya mnyama wake.

Kisha anashuka mwokozi kutoka angani: Rocky, jogoo Mmarekani, mwenye maneno matamu na bango linaloonyesha kwamba anaruka. Anaahidi kuwafundisha kuku kuruka. Wanajirusha, wanaanguka, wanaumia, na bado wanamwamini. Usiku mmoja anaondoka, akiacha kipande cha bango kilichokuwa kimekosekana: kumbe alikuwa akirushwa kwa mzinga katika sarakasi. Wangapi wamepita hapa kwetu na bango la namna hiyo? Sitataja majina, kila mmoja ana orodha yake.

Anayenivutia zaidi ni jogoo mzee Fowler. Filamu nzima anasimulia siku zake katika jeshi la anga na kuonyesha nishani yake. Ndege ya mbao waliyoijenga kuku inapokuwa tayari na anapotakiwa kuiongoza, anakiri kwamba hakuwahi kuendesha ndege. Alikuwa kuku wa bahati wa kikosi tu. Uongo wa Rocky ulikimbia kabla ya kufichuka. Wa Fowler unakaa kwenye kiti na kushika usukani. Na kinachoirusha ndege ni miguu ya kuku wenyewe, wakikanyaga pedali kwa pamoja, akiwemo Babs, ambaye kila Ginger alipotoka kifungoni alidhani ametoka likizo. Rocky anarudi kusaidia, na filamu inampokea, lakini kama msaidizi. Hilo nalipenda.

Tahadhari kwa vijana wanaowinda alama kila kona: kuku wengi wa filamu hii wamevaa skafu au shanga shingoni. Mwanafunzi hodari atatuandikia kurasa kumi kuhusu utumwa na ushanga. Sababu ya mafundi ni nyepesi zaidi: vazi linaficha kiungo cha kichwa na mwili. Kwanza tujue kitu kimetengenezwaje.

Mwishoni kuku wako huru kwenye kisiwa, nasi tunatamani kuzima mashine tukiwa na furaha. Msizime. Nick na Fetcher, panya wawili waliokuwa wakiwauzia kuku vifaa kwa malipo ya mayai, wanapanga kufungua shamba lao wenyewe, na wanabishana waanze na yai au na kuku. Watazamaji hucheka kwa sababu fumbo ni la zamani. Katika majadiliano yetu naomba tuliache fumbo, tuwaangalie panya: kwa nini walioshuhudia ukombozi kwa karibu hivyo ndio wa kwanza kuwaza kufuga?