Jioni ya Afya Mabwenini



Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Tangu hapo vijana wa vyuo wamehutubiwa mara nyingi mno. Mgeni rasmi huchelewa, husoma karatasi yake, hupigiwa makofi, na wanachuo hurejea mabwenini na maswali yale yale waliyotoka nayo.

Bweni la chuo cha ualimu hukusanya vijana wa Mtwara, Kigoma, Mara na kwingineko. Wako waliopitia jando au unyago; wako walioambiwa na wazazi neno moja tu, "Jihadhari", pasipo kuelezwa wajihadhari na nini. Wote wamo mbali na shangazi na bibi ambao kwa desturi ndio wangeulizwa. Pengo hilo hapana budi lizibwe na chuo, ila si kwa amri.

Jioni ya mazungumzo na iandaliwe na wakazi wa bweni wenyewe, wasichana kwa wavulana, Jumamosi iliyo mbali na mitihani. Sanduku la maswali litangulie kwa juma zima. Maswali yaandikwe kwa herufi kubwa, bila jina, kwa kuwa katika chuo kidogo mkufunzi humtambua mwanachuo kwa mwandiko. Ufunguo ashike muuguzi atakayejibu.

Tena mkufunzi anayesahihisha mitihani asiwemo ukumbini. Hapa wakuu wa vyuo husita, wakidhani wakufunzi wanatukanwa. La hasha, walio wengi ni walezi wema. Lakini lipo jambo la alama kudaiwa kwa mwili, ambalo Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, imelifanya kosa la jinai. Msichana gani atauliza apeleke wapi malalamiko, iwapo anayemlalamikia ameketi safu ya mbele? Aalikwe ofisa wa TAKUKURU, aeleze taarifa hupokelewaje.

Muuguzi naye asizungukezunguke. Aliyebakwa, au aliyepasukiwa kondomu na mwenzi asiyejua hali yake, aende kituo cha afya upesi: dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, humezwa siku 28. Kisonono na klamidia huweza kukaa mwilini bila dalili, hasa kwa wanawake. Mwenye VVU anayetumia dawa ipasavyo hadi virusi visionekane katika kipimo hamwambukizi mwenziwe kwa kujamiiana. Saa 72 si nyingi kwa binti anayeona haya tangu Ijumaa usiku mpaka Jumatatu.

Wavulana nao waulizwe: aliyenyamaza, je, amekubali? Aliyepokea zawadi, je, amejiuza? Mjadala huo huwa mkali, na uachwe uwe mkali.

Upimaji usifanyike pembeni mwa ukumbi, mahali ambapo uso wa anayetoka husomwa na wenzake. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka majibu yawe siri. Na orodha ya waliohudhuria isiandikwe, hata mhasibu akiidai kwa ajili ya hesabu ya chai. Vikombe vyaweza kuhesabiwa.