Agari ya ndani ya chupa

Ndugu zangu walimaji, kama mutapewa mche wa mgomba ndani ya chupa, mutaona kitu chenye kutetemeka kwenye mizizi yake. Wengine wanasema ni mafuta ya nyama. Sivyo. Ni agari, inayopikwa kwa majani mekundu ya bahari.

Ndani yake mna nyuzi ndefu zisizoonekana kwa macho: ni sukari za namna mbili, zinafuatana kama shanga. Maji yakiwa moto sana, nyuzi zinatawanyika. Yakipoa kufika digri 35 hivi, zinasokotana mbili mbili kama kamba, na kamba zinashikana, zinafunga maji kama wavu. Gramu 7 au 8 zinatosha kwa lita nzima!

Supu ya miguu ya ng'ombe nayo hushikana usiku, lakini jua likipanda inayeyuka. Agari ikiisha kushikana haiyeyuki mpaka digri 85 karibu, ndiyo maana mche hauzami.

Basi angalieni. Agari ile imetiwa sukari ya kulisha mche. Ukipanda bila kuosha, ukungu utafuata sukari hiyo na mizizi itaoza. Maji ya baridi hayaiyeyushi, na maji ya moto yataua mche. Itoe kwa vidole, polepole, ndani ya maji safi, kipande kisibaki. Kisha weka mche kivulini penye unyevu majuma machache.

Na ule mgomba wa zamani wenye majani membamba yaliyosongamana juu, ung'oe kwanza na shina lake lote. Chawa weusi wa migomba watachukua ugonjwa wake na kuuleta kwa mche mpya.