Tembea Kiasi Chako: Njia za Miguu za Mji wa Bad Wörishofen, Ujerumani

Ukiwa jikoni, shambani, au umempakata mtoto, vuta kiti usogee karibu na redio. Leo nataka tutembee pamoja katika mji mdogo wa Ujerumani.

Huenda unajiuliza, "Mimi na Ujerumani wapi na wapi?" Ngoja nikueleze. Siku hizi vijana wetu wengi wanakwenda huko kufanya kazi, hasa ya uuguzi na kutunza wazee. Mnamo Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mkataba kuhusu wafanyakazi. Binti anapojifungua huko, anamwita nani? Anamwita mama yake. Naye mama, mwenye miaka 60 na zaidi, mwenye presha na magoti yanayouma, anapanda ndege kwenda kulea mjukuu. Akifika anakaa ndani ya nyumba ya gorofa miezi mitatu bila kutoka, kwa sababu hajui lugha wala njia. Miguu inavimba, presha inapanda, na moyo unakuwa mzito kwa upweke.

Haya si mambo ya kusikia. Yalitupata nyumbani kwetu. Dada yangu alipojifungua, nilichukua likizo nikampeleka mama yetu katika mji wa Bad Wörishofen. Juma la kwanza mama hakutoka mlangoni hata mara moja. Kazi yake ilikuwa kukaa kitini na kutazama dirishani.

Mji wenyewe

Bad Wörishofen uko katika jimbo la Bavaria, kusini mwa Ujerumani, yapata kilomita 80 magharibi mwa Munich. Neno "Bad" katika majina ya miji huko lina maana ya mahali pa kuogea, yaani mji wa tiba ya maji. Mji huu uliujua ulimwengu kwa sababu ya padri mmoja, Sebastian Kneipp, aliyezaliwa mwaka 1821 na kufariki mwaka 1897. Alipokuwa kijana aliugua kifua, akawa anajitosa kwa muda mfupi katika maji baridi ya mto Danube, na akapata nafuu. Alihamia Wörishofen mwaka 1855 kuwa padri wa watawa. Wagonjwa wakaanza kumjia kutoka kila pembe. Aliwafundisha mambo matano: maji, kutembea na kufanya mazoezi, mimea, chakula cha kawaida, na maisha ya utaratibu.

Hapa niseme wazi kama muuguzi. Mtu akikohoa kwa wiki mbili au zaidi, asikimbilie maji baridi. Aende kituo cha afya apimwe kifua kikuu. Leo tunazo dawa zinazokiponya, na mgonjwa wa kawaida huzitumia kwa miezi 6 bila kukatiza. Lakini lile neno la Kneipp la kutembea kila siku lingali na nguvu hadi leo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atembee kwa mwendo wa kuchangamka angalau dakika 150 kwa wiki. Hizo ni dakika 30 kwa siku 5. Hata mama mjamzito asiye na tatizo amewekwa katika hesabu hiyo.

Njia ya kwanza: ndani ya mji

Uzuri wa mji huu ni kwamba ni tambarare. Ukishuka treni, ni mwendo wa dakika chache hadi katikati ya mji. Hapo pana mtaa uitwao Kneippstraße, ambao sehemu yake kubwa ni ya waendao kwa miguu. Mama mwenye kigari cha mtoto anasukuma bila wasiwasi, na mlezi wa mzee aliye katika kiti cha magurudumu hapati shida. Ukiendelea utaona kanisa la Mtakatifu Justina, na karibu yake nyumba ya watawa alimofanya kazi padri Kneipp.

Mama yangu alianzia hapa. Siku ya kwanza dakika 10 tu, mpaka benchi la kwanza na kurudi. Siku ya pili, benchi la pili. Hicho ndicho kipimo nilichompa: benchi moja baada ya jingine. Huko mabenchi ni mengi njiani, na hakuna anayekushangaa ukiketi kupumzika.

Njia ya pili: bustani kubwa ya mji

Baada ya juma moja tukaingia bustani kubwa ya mji, ambayo wenyeji huiita Kurpark. Mna njia pana zenye vivuli, maua ya waridi, na vidimbwi vya maji baridi ambamo watu hukunja suruali na kupiga hatua kama korongo, wakiinua mguu mmoja mmoja juu ya maji. Mna pia njia ya kutembea pekupeku, juu ya mawe, magome ya miti na matope.

Mama alicheka sana kuona wazungu wazima wamevua viatu kwa hiari yao. Alisema, "Sisi tuliambiwa tuvae viatu tukapona funza, nao wanavua?" Alisema kweli. Kwetu viatu vinatukinga na funza na minyoo ya safura. Na hata huko Ujerumani, mwenye ugonjwa wa kisukari aliyekufa ganzi miguuni asivue viatu. Anaweza kujikata asisikie, na kidonda kidogo kikamgharimu mguu. Mwenye ugonjwa wa moyo naye asiingie maji baridi kabla ya kumwuliza daktari.

Njia ya tatu: msituni

Nje ya mji kuna mashamba ya majani ya ng'ombe, kisha msitu. Miti imepandana mirefu, na chini ni laini kama mkeka. Kuna vibao vya kuonyesha njia. Hapa ndipo nilipokosea, nami nitalisema ili wewe usikosee.

Siku ile mama alikuwa na furaha, akasema ana nguvu. Tukafuata njia moja iliyonyooka, tukiongea habari za nyumbani. Nilipotazama saa, tulikuwa tumetembea dakika 50. Nilisahau jambo rahisi kabisa: kurudi nako ni dakika 50. Maji hatukubeba. Na asubuhi ile, kwa haraka ya kutoka, mama hakumeza kidonge chake cha presha. Tulipogeuka alianza kuhema, miguu ikatetemeka, akaketi juu ya gogo. Niliogopa, msikilizaji. Mimi muuguzi, nawafundisha wengine kila siku, na mama yangu yuko msituni ugenini hawezi kwenda mbele wala nyuma. Tulikaa karibu saa nzima ndipo tukarudi, hatua kumi na kupumzika, hatua kumi na kupumzika. Jioni nilimpima, presha ilikuwa juu. Ilichukua siku tatu kutulia.

Tangu siku ile tuliweka sheria zetu, nami nakupa wewe pia:

1. Chagua njia ya mzunguko. Kibaoni imeandikwa Rundweg. Njia hiyo inakurudisha ulikoanzia. Kama ni njia iliyonyooka, geuka ukiwa bado na nguvu, kabla hujachoka.

2. Meza dawa kabla ya kutoka. Na ikiwa kipimo cha presha ni 180 kwa 110 au zaidi, usitoke kutembea. Tafuta daktari siku hiyo hiyo.

3. Beba maji, simu yenye chaji, na karatasi yenye anwani ya nyumba. Namba ya dharura Ujerumani na kote katika Umoja wa Ulaya ni 112.

4. Tumia kipimo cha mdomo. Ukitembea huku unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, huo ndio mwendo mzuri. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza mwendo.

5. Vaa viatu vinavyoshika chini. Kati ya Desemba na Februari kunaweza kuwa na barafu njiani, na jua huzama mapema, saa kumi na nusu jioni au karibu na hapo mwezi wa Desemba.

Kupe wa msituni

Sehemu kubwa ya Bavaria ina kupe wanaoeneza ugonjwa wa virusi unaoshambulia ubongo. Chanjo yake ipo, basi muulize daktari kabla ya kuanza matembezi ya msituni. Kupe hao pia hueneza ugonjwa mwingine unaoitwa Lyme, unaotibiwa kwa dawa za kuua bakteria. Vaa suruali ndefu na uichomeke ndani ya soksi. Ukirudi nyumbani, kagua mwili wote, na wa mtoto pia: nyuma ya masikio, kwapani, kinenani, nyuma ya magoti. Ukimkuta kupe, mshike karibu na ngozi kwa kibano na umvute polepole. Usimpake mafuta wala kumchoma kwa moto. Ukiona duara jekundu linalopanuka kwenye ngozi, hata baada ya wiki kadhaa, nenda kwa daktari.

Mama aliyejifungua

Dada yangu alianza na dakika 5, akaongeza kidogo kidogo. Aliyezaa kwa upasuaji aende polepole zaidi, na asiinue kigari kwenye ngazi. Acha kutembea, uende hospitali mara moja, ukiona damu nyingi, kuumwa kichwa sana na kuona giza, homa, kifua kubana, au mguu mmoja kuvimba na kuuma. Dalili hii ya mwisho imhusu pia nyanya aliyetoka safari ndefu ya ndege, maana huenda damu imeganda mshipani.

Mpendwa msikilizaji, mama yangu alirudi nyumbani baada ya miezi mitatu. Sasa ana njia yake ya mzunguko: kutoka lango letu hadi shule ya msingi, anapita kanisani, anarudi kwa njia ya kisima. Ni dakika 30. Mabenchi hatuna, kwa hiyo jirani mmoja amemwekea kigogo kando ya ua wake. Mama anaketi hapo, wanasalimiana, anaendelea.

Nawe unaye mzee au mzazi mpya nyumbani. Leo jioni mshike mkono, mwende kiasi chake.

Maswali ya kujadili katika kikundi

- Ni nani katika familia yako anakaa ndani siku nzima? Ni nini kinachomzuia kutoka?
- Ni njia gani ya mzunguko iliyo karibu nanyi, yenye kivuli na mahali pa kupumzika?
- Ni dalili zipi zinazomfanya mtu aache kutembea na kwenda kituo cha afya?

Kwa leo ni hayo. Hadi kipindi kijacho, kwaheri na afya njema.